Jua linakula viti vyetu mbele ya depo



Leo hatutaongea bei ya kasiterite wala ya koltani. Bei munaijua kutushinda, na mbele gazeti hili lifike Malemba-Nkulu itakuwa imekwisha kubadilika mara mbili. Tutaongea kitu chenye watu wanacheka wakisikia: kiti. Kiti cha mutuka na kiti cha moto, ile ngozi yenye tunakalia kila siku bila kuiangalia, na jua lenye linaikula pole pole wakati sisi tunangoja mbele ya depo.

Mama mumoja wa huku, tulipomuambia kama tunataka kuandika juu ya viti, alitushangaa sana. «Batoto banalala njaa, mweye munatuletea habari ya kiti?» Tukamuuliza: tangu miaka mitatu bwana yako anashuka ndani ya shimo, ni kitu gani chenye kinaonekana? Akahesabu kwa vidole. Mabati ya nyumba. Shule ya mutoto mukubwa. Na moto moja. Kisha yeye mwenyewe akasema: «Shimo ikijaa maji, paka ile moto njo inaleta bukari.» Basi, mama, tunaongea bukari.

Sisi tunaoandika hapa ni watu watano wa shimo moja. Makuta yetu ya miaka mingi tulichanga, tukanunua jipu ya okazioni iliyotoka Japani. Ilishuka Dar es Salaam, ikapita Zambia, ikaingia kwa Kasumbalesa, volan ikiwa kuume sawa mutuka nyingi za huku kwetu Katanga. Ndani, viti vyote vilikuwa vya ngozi nyeusi, laini sawa shavu la mutoto. Siku za kwanza tulikuwa tunavua viatu mbele ya kupanda. Hatusemi uongo, tulivua viatu.

Kiangazi cha kwanza hatukuona kitu. Kiangazi cha pili, kiti cha shofere kikaanza kuwa kigumu. Kisha mistari midogo midogo ikatokea juu ya bega la kiti, sawa udongo wa pembeni ya Lualaba wakati maji yanarudi. Mbele mvua ya kwanza inyeshe, mistari ilikuwa imefunguka, mutu anaweza kuingiza ukucha. Tukaweka mafuta. Mafuta gani, tutasema chini. Ikazidi kuharibika.

Siku tuliyotaka kuiuzisha, juu shimo letu lilianguka na tulikuwa na deni, mununuzi akatoka Kamina. Hakufungua kapo. Hakuuliza habari ya mashini, yenye ilikuwa muzima kabisa, mafuta ilikuwa inabadilishwa kwa wakati wake. Alifungua tu mulango, akaangalia kiti, akagusa mupasuko na kidole, akasema: «Hii mutuka imetumika mubaya.» Akakata bei. Tukabishana mpaka magaribi, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Mashini haionekani, kiti kinaonekana. Mununuzi anasoma kiti ili ajue mashini ilitunzwa namna gani. Pengine anakosea, lakini makuta ni yake.

Ndipo tukaanza kuangalia vizuri ile jipu, siku mbili za mwisho ilipokuwa ingali yetu. Na hapo ndipo tuliona kitu chenye kilitufanya tuandike leo. Kiti cha shofere kimepasuka upande wa kuume tu. Cha kushoto, chenye umri ule ule, ngozi ile ile, kilikuwa na mikunjo ya kawaida basi. Kiti cha nyuma, mahali tulizoea kutupa blanketi ya zamani, tulitoa blanketi: ngozi nyeusi, laini, sawa siku ya Kasumbalesa.

Tukafikiri. Kila siku tulikuwa tunasimamisha jipu mahali pamoja mbele ya depo, pua ikiangalia kusini. Mutu akiangalia kusini, magaribi iko kuume kwake. Basi jua la saa nane, la saa tisa, la saa kumi, lilikuwa linaingia kwa kioo cha kuume na kulala juu ya bega la shofere. Kila siku. Sisi tulikuwa tunangoja kupima mawe, tunangoja etiketi, tunangoja mukubwa mwenye stampu arudi kutoka kula, na jua lilikuwa kazini. Umri haukupasua kile kiti. Kungoja ndiko kulikipasua.

Sasa tueleze namna gani jua linafanya. Jua lina silaha mbili. Moja ni joto, tunalisikia. Ya pili ni mionzi yenye macho haioni, wenye elimu wanaiita ultraviole. Ndiyo inafanya kitenge kipoteze rangi juu ya kamba. Kioo cha mbele cha mutuka kimetengenezwa na vioo viwili na utando katikati, kile utando unazuia sehemu kubwa sana ya mionzi hiyo. Lakini vioo vya pembeni kwa kawaida ni kioo kimoja tu, na vinaacha mionzi mingi ipite. Watu wengi wanaweka karatasi ya kungaa mbele, wanasahau pembeni. Ni vizuri kuweka mbele, juu inapunguza joto na inalinda dashibodi. Lakini kama una kitambaa kimoja tu, ukiweke upande wenye jua linaingilia, na mara nyingi ni pembeni.

Joto nalo si la kucheza. Mutuka yenye imefungwa juani, ndani yake hewa inaweza kupanda karibu digrii 20 zaidi ya inje kwa saa moja tu. Kiti cheusi chenye kinapigwa na jua lenyewe kinapita hapo tena mbali. (Na hapa tusimame kidogo, juu neno hili linapita viti vyote: musiache mutoto analala ndani ya mutuka iliyofungwa juani, hata dakika kumi. Kufungua kioo kidogo hakusaidii. Kiti kikifa tutalia makuta tu.) Ngozi ya kweli ina maji kidogo na mafuta kidogo ndani ya nyuzi zake, ndiyo yanafanya ikunjike bila kuvunjika. Joto linayatoa. Juu yake kiwanda kilipaka rangi na utando mwembamba wa kulinda. Jua linaufanya utando ule uwe mugumu, na mutu akiketi, ngozi inakunjika lakini utando haukunjiki tena. Unapasuka. Kisha vumbi linaingia katika mupasuko, na vumbi la kwetu si vumbi la ofisi.

Hapa ni sisi wachimbaji tunapaswa kujihukumu. Tunatoka shimoni, suruali imejaa muchanga, tunapanda hivyo hivyo. Ule muchanga wenye unabaki nyuma ya kuosha kasiterite una kwarisi ndani, na kwarisi ni ngumu kuliko chuma cha kisu. Kasiterite yenyewe ni ngumu karibu vile. Mutu akiketi na suruali ile, mutuka ikiruka ruka katika mashimo ya barabara, ni sawa anasugua kiti na papie ya seremala. Utando unaisha, jua linakuta njia wazi. Kupiga suruali na mukono mbele ya kupanda, kukalia gunia safi au kipande cha kitenge: kazi ya sekunde kumi. Wengine wanasema ni maringo. Mwenye maringo ni yule anaharibu kitu cha makuta mengi kwa sababu anaona haya kujipangusa.

Tuje kwa mafuta, juu hapo ndipo tulikosa sana, na tunaona watu wengi wanakosa sawa sisi.

Ngozi ikikauka, wazo la kwanza la mutu ni kupaka. Sisi wenyewe ngozi yetu ikikauka wakati wa baridi ya mwezi wa 6, tunapaka gliserini, tunapaka vazelini, inangaa. Basi tunafikiri ya kiti nayo ni vile. Hapana. Ngozi yako inaishi, kila siku inajitengeneza. Ile ya kiti ilikuwa ya ngombe na ngombe alikwisha kufa; hakuna kitu kitatoka ndani yake cha kurudisha. Na tena imefunikwa na ule utando wa kiwanda, kwa hiyo mafuta mengi yanabaki juu tu.

Tulipaka mafuta ya ngazi. Malemba haikose mafuta ya ngazi, na tulifikiri kitu chenye kinaponyesha chakula kitaponyesha kiti. Siku mbili kikangaa. Juma ya pili kikawa kinashika suruali. Juma ya tatu vumbi lote la barabara lilikuwa limekaa juu yake, na harufu ikawa ya chungu chenye hakikusafishwa. Rafiki mumoja akatuambia tuoshe na sabuni ya unga yenye nguvu, tukaosha, mafuta yakatoka pamoja na rangi. Wengine wanapaka mafuta chafu ya mashini, yale meusi yenye ametoa chini ya moto. Huyo anaharibu kiti na nguo za watu kwa siku moja. Wengine wanapaka kiwi ya viatu, na wa mama wenye kwenda kanisani na nguo nyeupe wanajua mwisho wake. Esansi ndiyo mubaya kupita zote, juu inayeyusha utando kabisa.

Dawa ya kweli ni ndogo na haifurahishe. Kwanza toa vumbi na brosi laini au kitambaa kikavu, bila kukandamiza. Kisha kitambaa chenye kimeloweshwa na kukamuliwa vizuri, na sabuni kidogo ya kuoga, si ya unga, si zhaveli. Pangusa, pangusa tena na maji safi kidogo, kausha na kitambaa kikavu. Kikauke kivulini. Ngozi yenye imelowana ukiiweka juani inageuka ubao. Mutu mwenye aliwahi kukausha viatu karibu na makaa anajua. Kama unapata krimu ya ngozi ya mutuka, ya kununua Kamina au Lubumbashi, weka kidogo sana, mara mbili tatu kwa mwaka, ngoja, kisha pangusa yenye imebaki juu. Kama haupati, usiweke kitu. Kiti kisafi chenye hakikupakwa kitu kinaishi miaka kuliko kiti chenye kimepakwa mafuta ya bukari.

Lakini mbele ya kununua krimu, jua kama kiti chako ni cha ngozi. Wauzishaji wanasema yote ni ngozi. Mutuka nyingi zenye tunaziita «za ngozi» ziko na ngozi mahali pa kuketi tu, pembeni na nyuma ni skai. Na kiti cha moto, cha TVS, cha Boxer, cha Haojue, kwa kawaida ni skai pia, hata kama mwenye kuuzisha anaapa. Tafuta mahali chini ya kiti kwenye kipande kimekunjwa: kama upande wa ndani uko na nyuzi nyuzi sawa suwedi, ni ngozi, kama ni kitambaa kimefumwa na plastiki imebandikwa juu, ni skai. Musichome na kiberiti ili mujue, sawa vile tuliona kijana mumoja anafanya kwa gari ya mujomba wake. Skai iko na mafuta yake yenye kiwanda kiliyachanganya ndani ili ikuwe laini. Joto likiyatoa, hakuna krimu itayarudisha. Kwa skai kuna mambo matatu tu: kuisafisha, kuifunika, kuiweka kivulini.

Tena neno moja juu ya ile nailo ya kiwanda, yenye watu wanaacha juu ya viti vya mutuka mupya mwaka muzima ili wageni waone kama ni mupya. Tunajua, inapendeza roho. Lakini jasho na maji ya mvua yanabaki chini yake, kiti kinaota kuvu, na wakati wa jua nailo inashikamana na ngozi. Toeni. Wageni watajua.

Kuifunika, basi. Waluba tuna wazee wenye walijua thamani ya kiti. Kiti cha mulopwe, kile cha mti chenye sanamu ya mwanamuke anabeba, kipona, hakikuwa cha kuachwa wazi kila mutu akione. Kilifungwa katika kitambaa cheupe, kikawekwa muji ingine mbali na mulopwe, na mutu alichaguliwa ili akichunge. Hawakufanya vile juu ya jua, walifanya juu ya heshima na roho za wakubwa. Viti vingine vya namna hii, vya watu wa hapa pembeni ya Lualaba, leo viko katika nyumba za makumbusho za Ulaya, na vingali vizima. Sisi tunachukua tu ile kitambaa cheupe. Kitambaa cheupe kinarudisha jua, cheusi kinalimeza. Shuka ya zamani, kipande cha gunia nyeupe ya unga yenye imefuliwa, inatosha. Kwa moto ni vile vile: ukishuka, tupa gunia nyeupe juu ya kiti. Na abiria akipanda, hatalia.

Juu analia, munajua. «Kiti ya moto iko moto!» Vijana wanacheka kwa neno lile, nasi tulicheka. Lakini tumewahi kuona mama mwenye mimba, anapelekwa hospitali mchana, amekaa juu ya kiti chenye kimetoka juani saa tatu nzima, hana nguvu ya kujiinua. Hakucheka.

Na kiti cha moto kikipasuka, mambo si ya uzuri tena. Chini yake ni sponji. Mvua inaingia, inabaki. Kila abiria anashuka na suruali imelowa. Jasho linaingia, damu ya mwenye kuumia inaingia, ya mama mwenye kuzaa inaingia, na hakuna sabuni inaweza kufika mule ndani. Skai nzima unapangusa, kisha inakuwa safi kwa mwenye kufuata. Sponji wazi haipangusiki. Kijana wa moto mwenye kiti kimepasuka anapoteza wale abiria wenye makuta, wanachagua mwenzake, na yeye hajui juu ya nini. Tunasema hili kwa vijana wetu wenye wameacha shule na kukamata moto: abiria hataangalia moto yako iko na nguvu gani. Anaangalia mahali ataketi.

Kama imepasuka kidogo, fanya mbio. Washonaji wa soko, na tunawaheshimu, mara nyingi wanakamata mupasuko pande mbili na kuushona na nilo ya kuvulia samaki. Nguvu ya nilo haina kifani, lakini kila tundu la sindano ni mupasuko mupya, na juma mbili nyuma ngozi inakatika kwa mustari sawa tembre ya posta. Vizuri ni kuingiza kipande cha kitambaa kigumu chini ya mupasuko, kukibandika na gundi ya viatu yenye inakunjika, kukandamiza usiku muzima. Kama ni kubwa, badilisha kifuniko kizima. Mushonaji mwenye akili atakubali. Muombeni na adabu, juu hakuna mutu anapenda mwenye shimo amufundishe sindano.

Sasa kivuli. Ndicho dawa ya kweli, na ndicho hatuna.

Malemba-Nkulu iko karibu digrii 8 kusini ya ekweta. Maana yake: jua linapita sawa sawa juu ya kichwa chetu mara mbili kwa mwaka, mwisho wa mwezi wa 2 na katikati ya mwezi wa 10. Ile ya mwezi wa 2 mara nyingi mawingu ya mvua yanatusaidia. Ile ya mwezi wa 10 inatukuta mvua ingali inakuja, miti imekauka, hakuna kitu kinazuia. Lakini kutoka mwezi wa 3 mpaka mwezi wa 10, jua la saa sita linakaa upande wa kaskazini. Kwa hiyo kivuli cha saa sita kinaanguka kusini ya nyumba. Mwezi wa 6, ukuta wa metre tatu unatoa kivuli karibu metre mbili, upana wa mutuka ndogo. Asubui kivuli kiko magaribi ya nyumba, nyuma ya saa sita kiko mashariki. Mutu mwenye atangoja mpaka magaribi asisimamishe mutuka kwa kivuli cha asubui, kitamuacha. Asimamishe kwenye kivuli kitakuja. Tena musisimamishe kila siku namna moja. Geuzeni pua: leo kusini, kesho kaskazini, ili kama jua linakula, likule pande zote kidogo kidogo, lisimalize bega moja sawa letu.

Lakini hii yote ni akili ya mutu maskini wa kivuli. Mbele ya depo kulikuwa na miti ya mayembe. Wakubwa wetu waliiona, sisi wenyewe tuliwahi kungoja chini yake tukiwa vijana. Imekuwa makala. Hatumushitaki mutu mumoja, kila nyumba ilipika na makala yale. Leo pale ni uwanja mweupe, moto makumi zinasimama juani, watu wanasimama juani, hata gunia za mawe zenyewe ndizo peke zake zenye ziko chini ya mabati.

Hilo ndilo linatuuma. Jiwe halipasuki na jua. Lilikaa chini ya udongo tangu Mungu aliumba inchi, na siku tatu za juani hazitalipunguza kilo. Lakini jiwe liko kivulini, na mutu mwenye alilitoa, na moto yake, na mutuka yake, na bibi yake mwenye alimuletea chakula, wako inje. Wanunuzi wanajua kuhesabu. Basi wahesabu: saa tano za kungoja, kila juma, watu wote wale, viti vyote vile. Ile hasara haiandikwe katika daftari lao juu si wao wanailipa. Tunaomba wenye depo, na wakubwa wa serikali wenye wanasimamia kupima na kutia etiketi, wafanye mambo mawili. Waseme saa yenye watapima, na wapime saa ile, ili mutu aje wakati wake. Na mahali penye wanatungojesha, waweke kivuli.

Wakisema hawana makuta ya kivuli, tunawajibu sisi wenyewe. Wachimbaji hawashindwi kusimamisha miti. Tunasimamisha miti chini ya udongo, gizani, na jiwe lote la mulima liko juu yetu. Tutashindwa juu ya inchi kavu, mwangaza wote? Angari ya nguzo na majani ni kazi ya siku mbili kwa watu makumi mbili. Miembe itachukua miaka kadhaa, lakini kama mwenye kuja kupimisha mawe mwaka huu anapanda mumoja na kuuzungushia miba juu ya mbuzi, mutoto wake atangoja kivulini. Tunachotaka ni ruhusa tu ya kuchimba nguzo juu ya kiwanja chao, na neno kama hawataivunja siku wanataka kuweka gunia zaidi.

Depo moja imekwisha kukubali. Tumechimba mashimo manane, mafupi, ya kucheka kwa mutu wa kariere. Nguzo nne ziko ndani, ine zingine ziko pembeni ya barabara, kamba tunayo. Majani bado. Mwenye panga aje siku ya mposho asubui, mbele jua lipande, na mwenye moto aje na gunia nyeupe.